Pua Iliyoziba Upande Mmoja: Lini ni Kawaida, Lini Ukaangaliwe

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Nairobi ikikaza na asubuhi zikishuka karibu nyuzi 10, maduka ya dawa mitaani hujaa watu wenye neno moja mdomoni: sainasi. Anayepiga chafya ana sainasi, anayeumwa na kichwa ana sainasi, na mwenye tundu moja la pua ambalo halijapitisha hewa tangu mwaka jana naye ana sainasi. Wote huondoka na vidonge vya aleji, kichupa cha matone ya pua na pengine antibiotiki. Wawili wa kwanza huenda wakapata nafuu. Huyo wa tatu ndiye ninayemwandikia, pamoja na mzazi ambaye mtoto wake anatoa kamasi yenye uvundo upande mmoja tu, na kijana anayetokwa damu puani kila mara akaambiwa ni jua kali.

Kuna kuziba kunakohama na kuna kuziba kusikohama. Ukiweza kutofautisha hayo mawili, umeshajua kama unaweza kukaa nyumbani ukatulia au unahitaji mtu akuangalie ndani ya pua.

Tuanze na kilichomo humo ndani. Pua ina vyumba viwili, cha kulia na cha kushoto, vilivyotengwa na ukuta wa kati. Mbele ukuta huo ni gegedu, ile sehemu unayoweza kuisukuma kwa kidole. Nyuma ni mfupa. Upande wa nje wa kila chumba kuna mikunjo mitatu ya nyama iliyopangana toka juu hadi chini, na wa chini ndio mkubwa zaidi. Mikunjo hiyo ina mishipa mingi ya damu. Damu ikijaa, nyama huvimba na njia ya hewa hubana. Damu ikipungua, nyama husinyaa na hewa hupita. Kazi yake ni kupasha hewa joto, kuitia unyevu na kunasa vumbi kabla halijafika mapafuni. Kisha kuna mapango ya hewa ndani ya mifupa ya uso: kwenye mashavu, kwenye paji, kati ya macho na nyuma kabisa ya pua. Hayo mapango ndiyo sainasi. Kila mtu anayo, mzima na mgonjwa. Ugonjwa ni pale kuta zake zinapovimba au yanapojaa uchafu usiopata pa kutokea.

Mtu akihisi pua imeziba hudhani imejaa kamasi, basi hupenga mpaka masikio yanavuma na hakitoki kitu. Mara nyingi hakuna cha kutoka. Kilichoziba ni nyama iliyovimba, au ukuta uliopinda, au kitu kilichoota mle ndani, na hakuna kati ya hivyo kinachoondoka kwa kupenga.

Zamu ya pua

Mwaka 1895 daktari Mjerumani, Richard Kayser, aliandika jambo ambalo miili yetu ilikuwa ikilifanya tangu zamani: matundu mawili ya pua hupokezana. Kwa saa kadhaa mikunjo ya upande mmoja hujaa damu na kubana, huku ya upande wa pili ikisinyaa na kubeba hewa nyingi. Baadaye hubadilishana. Ni kama walinzi wawili wa lango moja: mmoja yuko kazini, mwenzake amejinyoosha kibandani, na saa ya zamu ikifika wanabadilishana bila kumwamsha mwenye nyumba. Zamu moja huchukua muda wa saa 2 hadi 6 hivi, na hutofautiana kwa kila mtu.

Siku za kawaida hutambui lolote, kwa sababu jumla ya hewa inayoingia haibadiliki sana. Ukipata mafua, au vumbi likiamsha aleji, pande zote mbili huvimba, na ule ulio kwenye zamu ya kupumzika hufunga kabisa. Hapo ndipo unaposema upande mmoja umeziba. Usiku mambo huzidi, maana ukilala ubavu, tundu la chini hujaa damu na kubana. Ukigeuka, baada ya dakika kadhaa linafunguka na lile jingine linaanza kubana. Wengi walionieleza kwa hofu kwamba pua yao huziba upande mmoja usiku walikuwa wakieleza hali hii, na haina ubaya.

Unaweza kulipima mwenyewe. Chukua kijiko cha chuma kilicho baridi, ukishike chini kidogo ya pua, mgongo wake ukitazama juu, kisha pumua nje kwa pua huku umefumba mdomo. Utaona madoa mawili ya mvuke. Tazama lipi ni pana. Fanya hivyo asubuhi, mchana na kabla ya kulala kwa wiki moja, ukiandika kwenye simu: kulia au kushoto. Doa dogo likihama, leo kulia kesho kushoto, hiyo ni zamu, au ni mafua au aleji juu ya zamu. Doa la upande mmoja likiwa dogo kila mara, au lisipoonekana kabisa, asubuhi na jioni, ukiwa na mafua au huna, basi kuna kitu kisichobadilika kwenye njia hiyo.

Kijiko hakikwambii ni kitu gani. Kinakwambia tu kwamba baridi na vumbi pekee havitoshi kueleza hali yako. Hewa ya Julai huingia matundu yote mawili. Vumbi la barabara inayojengwa huingia matundu yote mawili, vivyo hivyo moshi wa makaa na chavua. Havina namna ya kuchagua tundu la kushoto miezi sita mfululizo.

Kisichohama

Sababu ya kawaida kuliko zote ni ukuta wa kati uliopinda. Watu wengi sana wana mpindo kidogo, wengine wamezaliwa nao, wengine waliupata kwa mpira, ajali ya bodaboda au konde. Mtu mwenye ukuta ulioegemea kushoto huwa na nafasi ndogo upande huo tangu mwanzo, na mafua madogo tu yakija hufunga. Kwa hiyo hata aleji, ambayo kwa kweli iko pande zote mbili, yeye huihisi upande mmoja. Mpindo haugeuki kuwa kitu kingine. Usipokusumbua, uache. Ukikusumbua usingizi na kazi, hunyooshwa kwa upasuaji, kwa kawaida bila kukata ngozi ya nje.

Sababu ya pili mtu hujitengenezea bila kujua. Matone na dawa za kupuliza zenye zailometazolini au oksimetazolini hubana mishipa ya damu, na ndani ya dakika chache pua hufunguka. Ni dawa nzuri kwa siku chache. Madaktari wengi huweka mpaka wa siku 3 hadi 5, na maelekezo ya pakiti kwa kawaida hayapiti siku 7. Ukizidisha, mishipa huzoea; dawa ikiisha nguvu nyama huvimba zaidi ya mwanzo, unaongeza tone, inavimba tena. Nimekutana na watu wanaotembea na kichupa mfukoni kwa miaka, wanakiweka kando ya mto usiku, na wanakuapia kwamba bila hicho hawapumui. Wanasema kweli, ila kichupa ndicho kinachowaziba sasa. Kutoka humo kunawezekana. Daktari anaweza kukuandikia dawa ya kupuliza yenye steroidi, ambayo haifungui pua papo hapo. Huchukua siku hadi wiki kadhaa, kwa hiyo usiiache siku ya tatu ukidhani haifanyi kazi. Elekeza ncha yake upande wa nje, kuelekea sikio, usiipulizie ukuta wa kati. Ukitumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, unaielekeza vizuri bila kufikiria.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi pia husaidia, iwe ni aleji, vumbi au sainasi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa takribani nusu lita ya maji kinatosha. Maji lazima yawe yamechemshwa yakapoa, hata kama ya mfereji wako ni masafi kwa macho, kwa sababu kuna vijidudu ambavyo tumbo huvimudu lakini pua haivimudu. Kujifukiza, kulikoshika sana wakati wa korona, kunaweza kukupa nafuu ya muda mfupi. Hakunyooshi ukuta wala hakuyeyushi kilichoota, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi na mtoto imewaunguza wengi.

Kuna lile neno tunalolitumia sote, nyama za pua, ambalo nalo limebeba mizigo mingi mno. Mtoto anayekoroma na kulala mdomo wazi huambiwa ana nyama za pua. Hizo ni tezi zilizovimba nyuma kabisa ya pua, mahali ambapo vyumba viwili hukutana, kwa hiyo huziba pande zote. Mtu mzima mwenye aleji ya muda mrefu naye huambiwa vivyo hivyo, na huenda ni ile mikunjo ya kawaida imevimba. Wa tatu ana polipu, vifuko laini vya rangi ya kijivu au manjano hafifu vinavyoning'inia kutoka kwenye mapango ya hewa. Polipu za kawaida huota pande zote mbili. Ikionekana upande mmoja tu, daktari makini haiiti polipu mpaka ichunguzwe, kwa sababu kuna uvimbe wa aina nyingine unaofanana nayo kwa macho. Mmoja wao si saratani, lakini hula mfupa wa jirani na usipotolewa vizuri unaweza kurudi, na kwa baadhi ya watu hugeuka saratani. Basi ukiambiwa una nyama za pua, uliza: ziko wapi, ziko upande mmoja au pande zote, na nani ameziona?

Kwa mtoto mdogo kamasi yenye harufu mbaya kutoka tundu moja ni kitu kilichoingizwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Huwa ni punje ya mahindi, haragwe, shanga, kipande cha sponji ya godoro au karatasi. Mtoto hasemi, au alishasahau. Usijaribu kukitoa kwa kibiriti wala pini ya nywele. Utakisukuma ndani zaidi. Na kama kuna hata shaka kwamba ni betri ndogo ya duara, ile ya rimoti, saa au vitu vya kuchezea, usingoje kesho asubuhi. Betri hiyo huunguza nyama ya pua kwa saa chache na inaweza kutoboa ukuta wa kati.

Jino nalo huingia hapa, na hili husahaulika sana. Mizizi ya magego ya juu iko karibu mno na pango la shavu, kwa wengine imetenganishwa nalo na mfupa mwembamba tu. Jino likioza mpaka kwenye mzizi, usaha hupanda, upande huo unaziba, unanusa uvundo ambao wenzako hawausikii, na antibiotiki inakupa wiki mbili za nafuu kisha yanarudi. Atakayelimaliza ni daktari wa meno.

Yanayotaka haraka

Sasa yale yanayotisha. Ni machache kulinganisha na yote niliyotaja, na nayataja kwa sababu yakishikwa mapema hutibika vizuri, na kwa sababu huanza kimyakimya. Watu hungoja maumivu. Uvimbe wa ndani ya pua mara nyingi hauumi kwa muda mrefu, kwa hiyo kutoumwa hakukuhakikishii kwamba uko salama.

Saratani ya nyuma ya pua huonekana Afrika Mashariki zaidi kuliko Ulaya, na huwapata hata watu wa chini ya miaka 40. Inahusishwa na virusi viitwavyo Epstein-Barr, ambavyo karibu kila mtu hupata utotoni. Wengi wetu tunaishi navyo bila madhara, na ni wachache wanaopata saratani. Huanzia karibu na mlango wa mrija unaounganisha pua na sikio. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuanza kwa sikio moja kuwa zito kana kwamba maji yameingia, akasafishwa nta ambayo haikuwa shida. Wengine hugundua kwanza uvimbe mgumu shingoni, chini ya sikio, usiouma, wakatibiwa kwa miezi kama kifua kikuu cha tezi. Wengine huona damu kidogo kwenye kamasi asubuhi. Sikio moja, uvimbe shingoni, pua iliyoziba na damu: viwili kati ya hivyo vikikutana kwa mtu mmoja, aende sasa. Tiba yake kuu ni mionzi, ambayo ipo Nairobi, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na katika ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa, na kwa waliofika mapema matokeo yake ni mazuri.

Nawafikiria sana maseremala. Ukipita Gikomba au kando ya Ngong Road wanakotengeneza vitanda na makochi, unawaona vijana wamepigwa weupe na unga wa mbao nyusi hadi kope, msasa unazunguka, na kilichofunika pua ni kitambaa cha shati kama kipo. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na sehemu inayopigwa ni hii ya pua na mapango yake. Huchukua miaka mingi, mara nyingi makumi, kabla ya kujitokeza. Barakoa halisi ya vumbi na kulowesha sakafu kabla ya kufagia hupunguza kinachovutwa. Seremala wa miaka 50 ambaye tundu lake moja limeziba asikubali kuambiwa ni vumbi tu.

Mvulana wa umri wa kubalehe mwenye tundu moja lililoziba na damu inayotoka kwa wingi, tena na tena, naye ana jambo lake. Kuna uvimbe unaowapata karibu wavulana peke yao, umejaa mishipa ya damu. Si saratani, ila ukiguswa ovyo humwaga damu ya kutisha, kwa hiyo usichokolewe kliniki. Hupigwa picha kwanza.

Kipimo cha muda ninachoona kinafaa ni hiki. Kuziba kwa upande mmoja kusikohama kukipita wiki 3 au 4, hata bila dalili nyingine, kaangaliwe. Kukiwa na damu kutoka upande huohuo, uvundo, ganzi ya shavu, meno ya juu kulegea bila sababu, kuona vitu viwiliviwili, au uvimbe shingoni, usizisubiri wiki hizo. Na siku hiyohiyo, hata usiku, nenda kama jicho linavimba na kusukumwa mbele, kama baada ya kugongwa kichwa maji meupe safi yanadondoka kutoka tundu moja kila ukiinama, au kama baada ya konde pua imeziba na ukuta wa kati umevimba laini. Uvimbe huo ni damu iliyokusanyika, na isipotolewa mapema gegedu hufa na pua kubonyea.

Wengi huogopa uchunguzi bila kuujua. Utaketi kitini, daktari akifungua tundu kwa kifaa cha chuma chenye midomo miwili na taa kipajini. Kisha atakupulizia dawa ya ganzi, chungu, inayoteremka kooni mpaka unahisi hujui kumeza, lakini hali hiyo inapita. Kamera nyembamba ya milimita 4 hivi huingia taratibu hadi nyuma, mahali mirija ya masikio inapofungukia, na inasumbua kuliko inavyouma. Dakika chache zimetosha. Usinywe chai ya moto mpaka koo lipate hisia zake. Akiona kitu asichokiamini, ataagiza picha ya CT, maana eksirei ya kawaida haionyeshi vizuri nyama laini, na huenda akakata kipande kidogo kwa ajili ya maabara. Kukatiwa kipande hakumaanishi una saratani, na hakuisambazi kama mtaani wanavyosema.

Hapa Nairobi njia ya kawaida ni kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ukiwa umejisajili na SHA, bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kisha upewe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina idara nzima ya fani hiyo, na kuna maafisa wa kliniki waliosomea kazi hiyo kwenye hospitali kadhaa za chini yake. Ukifika, usiseme tu una sainasi, maana utatibiwa sainasi. Sema ni tundu lipi, tangu mwezi gani, kama linahama, kama kuna damu, unafanya kazi gani na umetumia matone kwa muda gani. Onyesha yale maandishi ya kijiko kwenye simu. Na kama umeandikiwa antibiotiki mara ya tatu kwa tundu lilelile bila mtu yeyote kulimulika tochi, omba barua ya rufaa kabla hujatoka chumbani.